Gitaa la umeme kwenye kompyuta: efekti za programu, pedali ya USB au maiki mbele ya amplifaya?

Mwenye gitaa la umeme na kompyuta ana njia tatu za kulirekodi. Ya kwanza, gitaa linachomekwa kwenye kadi ya sauti (kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta), linarekodiwa kavu, yaani bila efekti, na amplifaya, korasi (efekti inayonenepesha sauti), rivebu (mwangwi wa ukumbi) na mengineyo yote yanatoka ndani ya programu. Ya pili, gitaa linapita kwenye pedali ya efekti nyingi, pedali inaungana na kompyuta kwa waya wa USB, na kinachoingia kwenye traki ni sauti iliyokwisha kupikwa. Ya tatu ni ile ya studio za tangu zamani: amplifaya halisi, na maiki mbele ya spika.

Kila njia ina watetezi wake. Tatizo ni kwamba ushauri mwingi unaosomeka mtandaoni umeandikwa na wapigaji wa roki nzito, na wao wanatafuta distosheni, yaani sauti iliyokwaruzwa makusudi. Anayepiga rumba, dansi au benga anatafuta kitu kingine kabisa: sauti safi, inayong'aa, yenye nafasi kati ya noti na noti ili solo, mi-solo (gitaa lililo kati ya solo na ridhimu) na ridhimu zisikanyagane. Sikiliza magitaa ya Franco na OK Jazz, ya Mbaraka Mwinshehe, ya Les Wanyika au ya Mlimani Park. Unachosikia ni mkono wa mpigaji, na kila gitaa limekaa mahali pake. Kwa hiyo ulinganisho huu nimeupima kwa sikio la mpigaji wa sauti safi, na majibu yake yanapishana na orodha nyingi za plagini (programu ndogo za efekti zinazokaa ndani ya programu ya kurekodia) zinazosifiwa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kwa wapigaji wengi wanaoanza kurekodi nyumbani, njia ya kwanza ndiyo bora, na wala hailazimu kununua plagini hata moja. Sauti kavu iliyoingia vizuri inaweza kugeuzwa kesho, mwakani, au na prodyuza mwingine kabisa. Sauti iliyorekodiwa pamoja na rivebu nyingi kupita kiasi haitolewi tena rivebu hiyo. Lakini wapo watu ambao njia ya pili inawafaa zaidi, na nitawataja.

Kwanza, mlango ambao gitaa linaingilia

Hapa ndipo pesa ya kwanza iende, kabla ya efekti yoyote. Pikapu za kawaida za gitaa, zile zisizo na betri, hutoa umeme mdogo na zinataka mlango wenye ukinzani mkubwa, wa takriban megaohm 1. Kwenye kadi ya sauti mlango huo huandikwa Inst au Hi-Z, au huwa na kitufe chenye mchoro wa gitaa. Ukichomeka gitaa kwenye mlango wa laini, ambao ukinzani wake mara nyingi ni kiloohm 10 hivi, sauti za juu zinakufa. Gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi, na mpigaji anaanza kuongeza sauti za juu kwa ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha masafa), jambo ambalo linaongeza kelele tu. Kwa solo ya rumba, kosa hilo linaharibu zaidi kuliko uchaguzi wowote wa plagini.

Tundu la maiki la laptopu ni baya zaidi. Limetengenezwa kwa maiki ndogo ya hedifoni, linasukuma umeme wake mdogo wa kuendesha maiki hiyo, na geini yake, yaani kiasi inachokuza sauti inayoingia, ni ngumu kuidhibiti. Kama fedha ni ya kitu kimoja tu, nunua kadi ya sauti ndogo yenye mlango wa gitaa, na efekti zote utumie za bure. Focusrite Scarlett Solo, Behringer UMC204HD na nyingine za daraja hilo zinatosha kabisa kwa gitaa.

Geini ipime kwa kupiga kwa nguvu ileile utakayopiga kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo iliyochangamka. Mtu akipima geini huku anachezea nyuzi taratibu, wimbo ukichangamka taa nyekundu inawaka. Acha vilele vya sauti vifike karibu na -12 dBFS, kipimo cha kidijitali ambacho 0 ndiyo mwisho wake. Juu ya 0 mawimbi yanakatwa vichwa, na hakuna plagini itakayoyarudisha. Ukirekodi kwa biti 24 huna sababu ya kusukuma geini juu, maana hata sauti ndogo inabaki safi ukiiongeza baadaye.

Halafu kuna mvumo. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa 50 Hz, na pikapu za koili moja, kama za Stratocaster, zinaudaka mvumo huo kirahisi. Mpigaji wa sauti safi anaumia zaidi hapa, kwa sababu kompresa (kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo) atakayoweka baadaye itainua kila kilicho kimya, mvumo ukiwamo. Jaribu kuchomoa chaja ya laptopu na kurekodi kwa betri. Chaja nyingi hazina ethi, na kelele hupungua pale pale. Kaa mbali na skrini na taa za neoni. Zungusha mwili wako na gitaa polepole ukisikiliza, na utapata upande ambao mvumo ni mdogo kuliko kwingine. Rekodi ukiwa umeelekea huko.

Kuchelewa kwa sauti: hapa ndipo njia ya programu inaposhinda au kushindwa

Ukitumia efekti za programu huku unapiga, sauti inaingia kwenye kadi, inakwenda kwenye kompyuta, inachakatwa, kisha inarudi hedifoni. Safari hiyo ina muda. Sehemu kubwa ya muda huo unaichagua mwenyewe kwa kuweka ukubwa wa bafa, yaani fungu la sampuli za sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulichakata, na kwa kasi ya 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde) hesabu zake ni hizi:

| Bafa (sampuli) | Kwenda tu | Kwenda na kurudi |
|---|---|---|
| 64 | ms 1.3 | ms 2.7 |
| 128 | ms 2.7 | ms 5.3 |
| 256 | ms 5.3 | ms 10.7 |
| 512 | ms 10.7 | ms 21.3 |
| 1024 | ms 21.3 | ms 42.7 |

Juu ya hapo ongeza milisekunde chache za kadi yenyewe na USB. Kupata picha: sauti hewani husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mpigaji aliyesimama mita 3 kutoka kwenye amplifaya yake jukwaani anaisikia baada ya milisekunde 9 hivi, na hakuna anayelalamika. Bafa ya 128 inakupa hali hiyo au nzuri kuliko hiyo. Kwa 256 wengi bado wanapiga bila shida. Kwa 512 mambo yanabadilika. Sebene ya mapigo 130 kwa dakika, ikipigwa noti nne kwa kila pigo, ina milisekunde 115 tu kati ya noti na noti. Ukichelewa milisekunde 21 umekula karibu sehemu ya tano ya nafasi hiyo, na mkono wako utaanza kuwahi au kusita bila wewe kujua kwa nini. Wengi hudhani siku hiyo hawakupiga vizuri.

Bafa ndogo inataka kompyuta yenye nguvu na draiva nzuri, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kadi. Kwenye Windows draiva hiyo ni ya ASIO, mfumo ambao kampuni ya Steinberg iliuanzisha mwaka 1997. Kadi nyingi za bei ya chini kabisa haziji na draiva yake ya ASIO, na hapo watu hutumia ASIO4ALL, ambayo ni ya bure na inasaidia ingawa haifikii draiva halisi ya kadi. Kabla ya kununua kadi, hilo ndilo swali la kumuuliza muuzaji. Mac ina Core Audio ndani yake. Linux ina JACK, na siku hizi PipeWire.

Kompyuta ikiwa dhaifu, iko mbinu moja inayomfaa sana mpigaji wa sauti safi, na sioni ikitajwa vya kutosha. Kadi nyingi za sauti zina kitufe cha kukusikilizisha gitaa moja kwa moja kabla halijafika kwenye kompyuta, bila kuchelewa. Kiwashe. Kisha kwenye programu weka plagini ya rivebu peke yake, ukiizima kabisa ile sauti kavu ndani yake ili itoe mwangwi mtupu. Sasa noti unaisikia papo hapo kutoka kwenye kadi, na mwangwi unafuata kutoka kwenye kompyuta. Hata bafa ikiwa 1024, kuchelewa kwake kunageuka kuwa ile nafasi fupi ya asili kati ya noti na mwangwi wa ukumbi. Mpigaji wa distosheni hawezi kufanya hivi, kwa kuwa bila amplifaya ya programu hana sauti yake. Wewe unaweza.

Efekti za programu zikishindanishwa

Tuanze na programu ya kurekodia, kwa kuwa wengi wanayo tayari. Maprodyuza wengi wa Bongo Fleva wanatengeneza biti kwa FL Studio. Kama ndiyo unayo, angalia kwanza kama toleo lako linarekodi sauti ya kutoka nje: Fruity Edition, la bei ya chini, kwa miaka mingi halikuwa na uwezo huo. Producer Edition kwenda juu yanao. Mwenye Mac ana GarageBand bila malipo, na ndani yake mna amplifaya na pedali za kutosha kumaliza albamu. Huyo asitafute kingine mpaka ajue kwa hakika kinachomkosesha. Asiye na Mac, chaguo langu kwake ni Reaper. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, faili lake la kusakinisha halifiki MB 50, siku 60 za majaribio hazina kitu kilichofungwa, na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Kwa laptopu ya zamani na bando la simu, hakuna inayoifikia.

Sasa plagini za gitaa zenyewe. AmpliTube ya IK Multimedia ya Italia na Guitar Rig ya Native Instruments ya Berlin zote zina toleo la bure: AmpliTube CS upande mmoja, Guitar Rig Player upande wa pili. Zote zinataka ufungue akaunti na upakue kupitia programu-meneja ya kampuni, kwa hiyo jipange na intaneti. Amplifaya ya Guitar Rig Player inaitwa Jump na ina tabia ya Marshall: nzuri ikikwaruza kidogo, lakini kwa solo inayong'aa inabidi uishushe geini sana, na hata hapo ina ukali katikati ambao ridhimu ya rumba haiupendi. Efekti zake zinazopangwa kama rafu ndizo zinazonifanya niiheshimu. AmpliTube CS ina uchaguzi mpana zaidi wa amplifaya, na ukitaka kifaa kimoja cha ziada unakinunua hicho peke yake bila kulipia furushi zima. Kati ya hizo mbili, mpigaji wa sauti safi achukue AmpliTube.

Neural Amp Modeler, ambayo watu huiita NAM, ni jambo jingine kabisa. Imeanzishwa na Steven Atkinson, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Badala ya mtaalamu kukaa na kuandika hesabu za saketi, programu inafundishwa kwa rekodi za amplifaya halisi mpaka iige tabia yake. Wapigaji duniani kote wanapakia amplifaya zao kwenye tovuti ya TONE3000, na wewe unapakua. Ukitaka Fender Twin Reverb au Roland JC-120 iliyowekwa safi, utazipata za watu wengi. Uhalisi wake chini ya vidole unashangaza, hasa ukipiga taratibu kisha ukakaza: inaitikia mkono. Lakini ina mipaka miwili. Kila faili ni picha ya amplifaya kwenye mkao mmoja wa vitufe. Ukitaka geini tofauti unapakua faili jingine. Na inakula nguvu ya kompyuta. Zipo faili nyepesi, na kwa sauti safi tofauti yake na zile nzito si kubwa, kwa hiyo mwenye laptopu dhaifu aanze na hizo.

Mtumiaji wa Linux ana Guitarix, ya bure, yenye amplifaya, efekti nyingi na kipimo cha kutuni ndani yake. Ni nyepesi kuliko nyingi zilizotajwa hapa. Ikiwa na Ardour (programu nyingine ya kurekodia) au Reaper kwenye kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, unapata studio nzima ya gitaa bila leseni moja ya wizi. Sura yake si ya kuvutia na kuunganisha JACK kunataka uvumilivu wa siku ya kwanza.

Za kulipia nitaitaja moja. Neural DSP ya Helsinki inajulikana kwa plagini za roki nzito, lakini ile ya Archetype: Cory Wong imetengenezwa kwa ajili ya mpigaji wa ridhimu safi za fanki. Ina njia ya kupeleka gitaa moja kwa moja kama kwenye mikisa, ina kompresa na korasi nzuri, na kati ya plagini za kulipia sijui nyingine inayokaribia zaidi mahitaji ya magitaa yetu. Bei yake ya kawaida hupita dola 100. Unaweza kuijaribu kwa siku 14 kabla ya kulipa. Wanaoitafuta iliyovunjwa leseni wajue kwamba mafaili hayo ni njia inayopendwa ya kusambaza virusi, na leo za bure zimefika mahali ambapo kisingizio cha kuiba kimekwisha.

Baada ya hizo zote, ninalompendekezea mpigaji wa dansi na rumba ni hili: jaribu kwanza bila amplifaya yoyote. Detroit miaka ya 1960, magitaa na besi za kampuni ya rekodi ya Motown ziliingizwa moja kwa moja kwenye mikisa ya studio, na sauti ile inajulikana dunia nzima. Chukua traki yako kavu. Kwa ikwalaiza, kata vyote vilivyo chini ya 100 Hz ili besi ipate nafasi yake. Weka kompresa ya uwiano wa 3 kwa 1 na uiache ichelewe milisekunde 15 au 20 kabla ya kukamata, ili mguso wa kwanza wa uzi upite. Kisha korasi kidogo. TAL-Chorus-LX ni ya bure na inaiga korasi ya kinanda cha Roland Juno-60. Rivebu ipeleke kwenye traki ya pamoja ambayo magitaa yote yanaitumia. Inawaweka wapigaji kwenye ukumbi mmoja, na kompyuta inabeba rivebu moja badala ya nne. Reaper ina vifaa vyote hivyo ndani yake isipokuwa korasi hiyo.

Kasoro utakayoisikia ni mkwaruzo wa juu, kama wa nyuzi zisizo na mwili. Spika ya gitaa ya inchi 12 hushuka ghafla baada ya 5 kHz hivi, na masikio yetu yamezoea gitaa lililopita kwenye spika. Una dawa mbili. Punguza kwa ikwalaiza kila kilicho juu ya 7 kHz, au tumia faili la IR, yaani kipimo kifupi cha sauti ya boksi halisi la spika pamoja na maiki iliyokuwa mbele yake. NadIR ya Ignite Amps inazifungua faili hizo bila malipo, na NAM pia ina mahali pake. Kwa ridhimu mimi huridhika na ikwalaiza. Kwa solo, IR inaleta ule unene ambao unafanya noti moja isimame peke yake.

Na magitaa yakiwa matatu, usiyape yote amplifaya na boksi lilelile. Yatarundikana kwenye masafa yaleyale, na utaanza vita ya kupandisha sauti. Ipe ridhimu IR moja, mi-solo nyingine au bila kabisa, solo ya tatu, halafu zitenganishe kushoto na kulia. Hili ni jambo ambalo efekti za programu zinalifanya kwa dakika chache, wakati kwa pedali ungelazimika kulipanga kabla ya kupiga noti ya kwanza.

Pedali ya USB

Boss GT-1, Zoom G2 FOUR, Line 6 HX Stomp na nyingine kama hizo ni kadi za sauti ndani yake. Waya mmoja unakwenda kwenye kompyuta na umeanza. Faida yake kubwa ni kwamba efekti zinachakatwa ndani ya pedali, kwa hiyo laptopu hata ikiwa hoi, unajisikia bila kuchelewa kunakoonekana. Ya pili ni umeme: GT-1 inakwenda kwa betri nne za AA, na ikiwa pamoja na laptopu yenye chaji, umeme ukikatika kazi inaendelea. Ya tatu haielezeki kwa takwimu. Mpigaji aliyeijua pedali yake miaka mingi kwenye bendi, anayekanyaga dilei (efekti inayorudia noti) bila kuangalia, anapiga vizuri zaidi akiwa na sauti yake. Huyo asilazimishwe kupiga kavu.

Hasara zake zinajitokeza baadaye, wakati wa miksi. Rivebu uliyoipenda ukiwa peke yako inageuka tope ngoma na waimbaji wakiingia. Kuna pia mambo madogo ya kuudhi: baadhi ya pedali zimefungwa kwenye kasi moja, 44.1 kHz au 48 kHz, na mradi wako lazima ufuate. Kwenye Windows, programu nyingi zinatumia draiva moja ya ASIO kwa wakati mmoja, hivyo pedali ikiwa ndiyo kadi yako, maiki ya mwimbaji iliyochomekwa kwenye kadi nyingine haitarekodiwa sambamba.

Ukiichagua njia hii, tafuta pedali inayotoa njia mbili kwa mpigo, ya efekti na ya kavu. Familia ya Helix ya Line 6 inafanya hivyo. Unarekodi zote mbili, ya efekti kwa ajili ya moyo wako na kavu kwa ajili ya miksi. Pedali isiyo na uwezo huo, zima rivebu na dilei wakati wa kurekodi, bakiza kompresa na amplifaya tu.

Maiki mbele ya amplifaya

Hapa nitakuwa mfupi. Shure SM57, iliyopo tangu 1965, ikisogezwa sentimita chache kutoka kwenye spika nzuri, inaleta hewa ambayo programu bado zinaikimbiza. Sogeza maiki kutoka katikati ya koni kwenda pembeni na sauti inabadilika kutoka ukali hadi upole, bila kitufe chochote. Lakini unahitaji amplifaya nzuri, chumba kisicho na kelele, na jirani mwenye subira. Chini ya paa la bati msimu wa mvua, au nyumba iliyo kando ya barabara ya bodaboda, maiki inarekodi mtaa mzima. Na sauti safi haifichi chochote: distosheni inaweza kuzamisha pikipiki inayopita, arpejio laini ya ridhimu haiwezi. Kama bendi yenu ina amplifaya nzuri na mnaweza kupata ukumbi mtulivu kwa siku moja, fanyeni hivyo kwa ajili ya solo, na magitaa mengine yaingie kavu.

Nani achukue nini

Una laptopu ya kawaida ya Windows na gitaa, huna kingine: kadi ya sauti yenye mlango wa gitaa, Reaper, sauti kavu, efekti zilizomo humo pamoja na TAL-Chorus-LX. NAM iongeze baadaye kwa ajili ya solo.

Una Mac: kadi ileile, GarageBand, basi.

Kompyuta yako inakwama ukishusha bafa chini ya 512: tumia mbinu ya kusikiliza moja kwa moja na rivebu tupu, au chukua pedali ya USB. Ukishamaliza kurekodi, panda hadi 1024 ili miksi isikatike, na traki za magitaa yaliyokamilika zigandishe ndani ya programu (freeze), yaani efekti zake zichakatwe mara moja, ili zisiendelee kula nguvu.

Unarekodi kwa simu: iPhone yenye GarageBand na kifaa cha kuunganishia gitaa inafanya kazi ya kueleweka. Simu nyingi za Android bado zinachelewesha sauti kiasi cha kuvuruga mkono, kwa hiyo hapo sikiliza kavu na uweke efekti baada ya kupiga.

Wewe ni mpiga solo wa bendi mwenye pedali yako ya siku zote: rekodi nayo, ukihakikisha kavu nayo imeingia.

Uko Lubumbashi, Muscat au Toronto, na miksi inafanyika Dar es Salaam au Nairobi: hapa sauti kavu haina mpinzani. Traki moja ya mono ya dakika 4, kwa 48 kHz na biti 24, ni MB 35 hivi. Ya stereo yenye efekti ni mara mbili yake, na kwa magitaa manne bando linaumia. Tuma WAV kavu ya kila gitaa, zote zikianzia sekunde ya sifuri ya wimbo ili prodyuza asikisie mahali pa kuzipanga. Ongeza MP3 moja yenye efekti zako ili asikie ulichokuwa unakitaka. Kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti, kamwe si kama ujumbe wa sauti, maana huko sauti hubanwa na ule mng'ao uliouhangaikia tangu kwenye mlango wa gitaa haufiki.